Ile kona ilikuwa halali

Leo kibanda umiza tunapotazamia mpira hapa Chikongola, Mtwara, nusura paa ling'oke. Kipa kadaka, kaukumbatia mpira, refa kapuliza: kona!

"Tumeonewa!" Hapana jamani.

Sheria ilibadilika 2025. Zamani kipa alipewa sekunde 6 za kushika mpira mikononi, akizidisha ni mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, na marefa wengi walifumba macho. Sasa ni sekunde 8, akizidisha wapinzani wanapewa kona, na inapigwa upande uliokuwa karibu na kipa.

Mtazameni refa. Zikibaki sekunde 5 ananyanyua mkono, anazihesabu kwa vidole, kila mtu anaona. Kipa akiwakodolea macho wenzake waliopanda mbele, ule mkono hauoni kabisa, na hapo ndipo anapoponzwa.

Naipenda sana sheria hii.

Wa Lindi na Masasi, huko mlipokeaje?