Kumbukumbu ya mradi wa FLCL: usiku umeme ulipokatika

Wiki ya tano, na hatimaye kipimo kimefanya kazi. Si kile nilichokijenga. Kile kimelala kwenye folda na sitakigusa tena.

Kwa mliofuata tangu mwanzo, lengo mnalijua: kuamua ni mwendelezo upi kati ya minne unaostahili jina la FLCL, ile anime (katuni ya Kijapani), na kuamua kwa kitu ninachoweza kukionyesha kwa kidole. Progressive na Alternative za 2018, Grunge na Shoegaze za 2023. Ile ya kwanza, sehemu 6 zilizotoka kati ya Aprili 2000 na Machi 2001, ndiyo rula. Nimechoka na mabishano ya "haina roho". Sawa, roho. Iko dakika ya ngapi?

Wazo langu lilikuwa mwendo. Kila shabiki husema FLCL ya Tsurumaki, mwongozaji wa ile ya kwanza, inakimbia, basi nikasema tuhesabu mikato. FFmpeg, programu ya kuchakata video na sauti, ina kichujio kinacholinganisha picha na picha inayoifuata, na tofauti ikivuka kizingiti unachoweka, inahesabu mkato. Nilianza na 0.4. Hapo ndipo wiki tatu zilipopotelea.

Kichujio hakijui kutofautisha mkato na mmuliko. Haruko, yule mwanamke mgeni mwenye fujo, akimtandika kijana Naota kichwani na lile gitaa la besi, skrini inamulika, na kichujio kinaandika mikato kadhaa pale ambapo jicho linaona pigo moja. Nikapandisha hadi 0.5. Mimuliko ikapungua, lakini mazungumzo ya jioni kando ya mto, ambako rangi ni ile ile kila upande, yakawa kama hayana mkato hata mmoja. Nikashusha hadi 0.3, fujo ikarudi maradufu. Nikajaribu 0.35, 0.38, 0.42. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kabla ya kazi ili nijaribu namba moja zaidi, na kila namba iliponyoosha tukio moja ilipinda lingine.

Halafu kuna lile tukio la manga kwenye sehemu ya 1. Mnalijua: ghafla pale nyumbani kwa kina Naota kila kitu kinakuwa ukurasa wa kitabu, na kamera inateleza kutoka kisanduku hadi kisanduku. Je, ule ni mkato? Kila kisanduku ni picha mpya, lakini karatasi ni moja. Nililipitia picha moja moja usiku mzima nikibadilisha jibu. Sehemu ya 6 inarudia mchezo huo huo, na sehemu ya 5 inageuka vikaragosi vya karatasi katikati ya kunyoa nywele. Nilikasirika kweli. Siikasirikii kompyuta, inafanya inachoambiwa. Kilichoniuma ni kwamba watu wale walitengeneza kitu kinachokataa kuhesabika, na hicho ndicho nilichokichagua mimi kuwa rula.

Kwa kazi ya picha moja moja tumieni mpv, kichezesha video. Nukta inakusogeza mbele picha moja, koma inakurudisha nyuma. VLC naiheshimu, inafungua chochote unachoitupia, ila kwenye toleo la 3 kurudi nyuma picha moja hakuna, na kwa mradi kama huu hilo peke yake linaiondoa.

Mwisho nikahesabu kwa mkono, karatasi na kalamu. Nilipofika pale Mamimi, yule msichana anayemganda Naota, amesimama na sigara yenye yale maandishi madogo, Never Knows Best, nikaiweka kalamu chini. Ndilo tukio linalonishika kuliko yote, na hapo hakuna kinachokimbia. Kama kipimo cha mwendo kinalipatia tukio hilo sifuri, basi kipimo ndicho kibovu.

Alhamisi umeme ukakatika saa mbili usiku. Betri ya kompyuta yangu imechoka, haifiki nusu saa. Lakini kwenye simu nilikuwa nimehifadhi sauti tupu za mfululizo wote, nilizozitoa kwa FFmpeg mwezi uliopita ili kuorodhesha nyimbo za the pillows, bendi ya roki inayosikika humo (-vn pamoja na -c:a copy, inachukua sekunde chache tu na sauti haiguswi). Nikalala kitandani gizani nikaanza kusikiliza.

Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimekaa wima.

FLCL ya kwanza ukiisikiliza bila picha ni nyumba yenye watu. Wimbo unaanza watu wakiwa wanakula, unaendelea wakigombana, hakuna anayeupisha. Wanaongea juu yake kama unavyoongea redio ya jirani ikipiga. Nyingi kati ya nyimbo zile zilikuwa zimeshatoka kwenye albamu za bendi za 1997 hadi 1999, kwa hiyo hazikutungwa kubeba tukio fulani. Zimo tu, kama hali ya hewa. Kisha unasikia lile gitaa likiwashwa kwa kuvuta kamba, na unajua mtu ataumia.

Nikahamia Progressive. Hapa nilisikia nilichoshindwa kukitaja kwa miaka: nyimbo zinasubiri. Zinangoja pambano likaribie ndipo ziingie, kama mgeni rasmi. Na kabla ya hapo kuna maelezo, maelezo mengi mno, kuhusu Haruko anataka nini na kwa nini. Wamempasua vipande viwili, Raharu na Jinyu, ili kila kipande kimweleze mwenzake. Picha zake ni nzuri, na Hidomi, msichana mhusika mkuu, na zile hedifoni zake nampenda, nisieleweke vibaya.

Mdogo wangu wa kike akaja na mshumaa, akachukua upande mmoja wa hedifoni. Ameona ile ya kwanza tu, tuliitazama pamoja mwaka jana. Raharu alipoanza kuongea, akakunja uso.

"Kaka, huyu ni nani?"

"Haruko."

"Hapana. Huyu siye."

Sikubishana. Nikaweka Alternative. Wasichana wanne, Kana na wenzake, wanaongea wote kwa pamoja, mmoja akimkata mwingine, kicheko juu ya kicheko. Mdogo wangu hajui Kijapani hata neno. Akawa anatabasamu. Kisha sauti moja ikaingia kwa fujo, na kabla sijasema kitu akanipiga begani: "Karudi!"

Nilihakikisha umeme uliporudi. Kwenye Alternative sauti ya Haruko ni ya Mayumi Shintani, yule yule wa mwaka 2000. Kwenye Progressive, sauti ya Raharu ni ya Megumi Hayashibara, gwiji ambaye sina neno baya juu yake. Lakini mtoto alilitambua koo gizani, kwa sikio moja, na mimi na vizingiti vyangu tusingelifikia hilo daima.

Sauti ya Shintani siyo yote, ingawa. Kinachoifanya Alternative isimame ni kwamba ina kelele yake. Haiazimi ya Naota. Soga za Kana na wenzake zinafanya kazi ambayo nyimbo zilifanya mwaka 2000: zinajaza nyumba. Ndiyo maana Pets, mmoja wa wale wanne, anapoondoka, pengo linasikika. Kwa masikio yangu, hiyo ndiyo inayostahili jina, na nasema hivyo bila jedwali.

Grunge imenishangaza. Zile picha za 3D ngumu ngumu zilinifanya niifunge sehemu ya 1 nilipoijaribu mara ya kwanza. Gizani, bila picha, nimezisikiliza zote 3 na sikuchoka. Nitairudia.

Shoegaze ilipangwa wiki hii, lakini itasubiri. Aliyeiongoza ni Yutaka Uemura, yule wa Alternative, kwa hiyo naitaka kwa utulivu na siyo kwa haraka. Sasa hivi nimeshaanza kitu kingine: nimeingiza sauti za ile ya kwanza kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na ninaweka lebo kila kelele inapoanza na inapoishia, nyimbo, soga, vicheko, ukimya. Lebo za Audacity zinatoka kama maandishi ya kawaida, unazibeba moja kwa moja hadi Calc, programu ya majedwali. Mdogo wangu ndiye anayeandika, mimi nasimamisha na kuendesha. Sehemu ya 1 tumeimaliza jana. Lile gitaa la Haruko yeye ameliandika "jenereta" kila mahali, na nimeliacha hivyo hivyo.