Nenosiri sahihi lililokataliwa: jinsi nilivyofungua faili la kikoba

Mweka hazina wa kikoba chetu hapa Majengo, Moshi, aliniletea flashi yenye faili la VeraCrypt, programu ya kufungia mafaili kwa nenosiri. Kwenye laptopu yake linafunguka. Kwenye kompyuta mpya ya kikundi, nenosiri lilelile linakataliwa. "Mwanangu, sijakosea hata herufi moja." Nilimwamini, maana ameliandika daftarini (hilo tutaongea siku nyingine).

Nilishuku faili limeharibika kwenye kunakili. Nikalinakili upya, wapi!

Jibu lilikuwa kwenye kibodi. Laptopu yake ni mtumba wa Uingereza: juu ya 3 kuna alama ya pauni. Kwenye kibodi za huko, @ iko upande wa kulia karibu na Enter, na alama ya kunukuu iko juu ya 2. Za Marekani ni kinyume. Sasa, Windows yake ilikuwa imewekewa mpangilio wa kibodi ya Marekani, kwa hiyo kila alipobonyeza @ iliyochorwa, kompyuta ilipokea alama ya kunukuu. Kwenye kompyuta mpya, @ ilikuwa @ kweli, ndiyo maana ikakataa. Nenosiri huonekana vidoti tu, nani angejua?

Nilimwomba aliandike kwenye Notepad ya laptopu yake, na kweli, penye @ ikatokea alama ya kunukuu. Nikaliandika hivyo kwenye kompyuta mpya, faili likafunguka papo hapo. (Notepad ya Windows 11 hubakiza maandishi hata ukiifunga, yafute kwanza.) VeraCrypt yenyewe ina kisanduku cha kuonyesha nenosiri, njia fupi zaidi.

Kisha tukabadilisha nenosiri kupitia menyu ya Volumes: maneno sita ya Kiswahili yasiyohusiana, bila alama yoyote. Daftari amekubali kulifungia kabatini.