Jinsi hoja yangu ilivyoingia kwenye mpango wa mji bila saini hata moja

Mji wetu ulipotangaza rasimu ya mpango wa miaka 20 wa makazi na usafiri, kila niliyekutana naye alikuwa na ushauri mmoja: kusanyeni saini. Mwenyekiti wetu wa mtaa, mtu mwema ila ana ugonjwa wa fomu, alipita nyumba hadi nyumba na karatasi yenye sentensi moja: "Sisi wakazi tunapinga mpango huu." Zikajaa kurasa na kurasa. Zikapelekwa kwa mbwembwe, picha zikapigwa.

Ripoti ya maoni ilipotoka, mzigo wote ule ulikuwa mstari mmoja kwenye jedwali: wakazi wanapinga, sababu haikutajwa. Basi. Karatasi mia zenye maneno yaleyale huhesabiwa kuwa hoja moja, na hoja isiyosema kipengele kipi kina kasoro haimpi mpangaji miji kitu cha kurekebisha. Mimi sikusaini. Waliniita msaliti, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma. Siyo kusoma yote, jamani, mtalala. Ule ukurasa wa dira wenye picha ya watoto kwenye baiskeli rukeni, hauna madhara. Anzeni na ramani, halafu jedwali la viwango vya ujenzi (ghorofa ngapi, wapi, maegesho mangapi), halafu viambatisho vya usafiri. Mambo mazito hufichwa kwenye viambatisho. Kuchapisha ramani kwa ukubwa wake kulinigharimu kiasi, lakini ramani ya kwenye simu haifai kitu.

Ndipo nikaiona miduara. Kila kituo cha mabasi ya mwendokasi kilizungushiwa duara la mita 400, na ndani ya duara ghorofa ndefu zinaruhusiwa, maegesho yanapunguzwa, kwa maelezo kwamba wakazi "watafika kituoni kwa dakika 5 za kutembea". Hesabu hiyo ni ya kawaida kwa wapangaji miji: mita 80 kwa dakika, hivyo 400 ni dakika 5 na 800 ni dakika 10. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba duara lilichorwa kwa bikari, na katikati ya duara letu imepita reli yenye ukuta. Pa kuvukia ni mahali pamoja tu, mbali kule.

Siku ya maonyesho ya rasimu ukumbini walitandaza ramani kubwa mezani na kutugawia vibandiko vya rangi: kijani bandika unapopenda, chekundu usipopenda. Watu wazima na heshima zao wanabandika kama chekechea. Mimi nilikuja na kibunda cha uzi wa kufumia, mkasi na rula. Kipimo cha ramani kilikuwa 1:5,000, kwa hiyo mita 400 ni sentimita 8. Nikakata uzi wa sentimita 8, nikashika ncha moja pale kituoni, nikaulaza kufuata barabara zilizopo, kona kwa kona. Uzi ukaisha kabla hata ya kufika kwenye kivuko cha reli.

Afisa kijana aliyesimamia meza akacheka. "Dada, hilo duara ni utaratibu wa kitaalamu. Kila mji unatumia."

"Kaka," nikamwambia, "duara lako linaruka ukuta. Mimi siruki."

Nikakata uzi mwingine, huu kutoka mlangoni kwetu hadi kituoni kwa njia anayopita binadamu. Nikaunyoosha kwenye rula mbele yake: sentimita 22. Yaani mita 1,100, karibu dakika 14, na hizo ni za kijana asiyebeba kitu. Bibi jirani yetu mwenye fimbo hafikishi mita 80 kwa dakika hata akifukuzwa. Afisa akaacha kucheka. Akaomba uzi, akapima mwenyewe kituo kinachofuata, akapima na kingine, akamwita mkubwa wake. Watu wakaviacha vibandiko wakaja kuniomba uzi. Sikuwahi kujisikia mkubwa namna ile tangu nizaliwe.

Lakini uzi hauingii kwenye faili. Hapo ndipo wengi hupotea: wanaongea vizuri mkutanoni, wanapigiwa makofi, wanarudi nyumbani. Niliandika ukurasa mmoja tu: namba ya ukurasa, namba ya kipengele, kinasemaje, kina kasoro gani, na maneno ninayotaka yawekwe badala yake. Nilipendekeza "ndani ya mita 400" isomeke "ndani ya mita 400 za kutembea kwa njia iliyopo, au itakayojengwa kabla ya vibali vya ghorofa kutolewa". Nikaambatisha ramani yenye mstari mwekundu. Na nakala yangu nikaigongesha muhuri wa kupokelewa. Karatasi isiyo na muhuri haikuwahi kufika, hata kama ilifika.

Kulikuwa na bwana mmoja kila kikao anadai barabara kuu ipanuliwe, foleni iishe. Nikamweleza Katy Freeway, barabara kuu ya Houston, Marekani: walikamilisha upanuzi mwaka 2008, sehemu nyingine njia zinafika 26 ukijumlisha za pembeni, na miaka michache baadaye safari za saa za msongamano zikawa ndefu zaidi. Nikamweleza Seoul, Korea Kusini, walivyoanza kubomoa barabara ya juu iliyojengwa juu ya mto uliofunikwa, mwaka 2003 na kufikia 2005 mto Cheonggyecheon unaonekana tena, na mji haukufa. Akaniambia hayo ni mambo ya Ulaya. Nikamwachia jiografia yake.

Toleo la mwisho lilipotoka, duara letu lilikuwa limekatwa upande mmoja kama kiazi kilichong'atwa, na daraja la waenda kwa miguu juu ya reli limehamishiwa awamu ya kwanza. Maneno yangu hawakuyachukua yote, lakini "umbali wa kutembea" yamo, na si kwa kituo chetu peke yake.

Hoja yangu ya pili ilihusu wapangaji wa nyumba: nyumba za chini zikibomolewa kupisha ghorofa, wanaoishi humo kwa kodi waende wapi? Hiyo nilijibiwa, "Imepokelewa, itazingatiwa wakati wa utekelezaji." Msidanganyike na jibu hilo, ni hapana iliyovaa tai. Nikarudisha barua nikiuliza utekelezaji upi, idara ipi, lini. Ikabidi wanitajie: mpango wa kina wa kata yetu, ambao haujaanza kuandikwa. Nimeshapeleka jina langu kwenye orodha ya watakaoitwa, na nakala ina muhuri.