Sahani Nyeupe Gizani

Mstari wa 9 wa jedwali la vipimo vyetu vya ziwani ndio ulionishtua. Ulisema kwamba saa 4:50, karibu na mdomo wa mto Nyando, sahani ya Secchi ilipotea machoni kwenye kina cha sentimita 38. Programu yangu ilikuwa imeisoma hiyo 4:50 kuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri. Sasa, sahani ya Secchi ni bamba la duara lenye kipenyo cha sentimita 20, robo mbili nyeusi na robo mbili nyeupe, ambalo unalishusha majini kwa kamba yenye alama mpaka jicho lisilione tena. Saa hizo Kisumu hata kiganja chako hukioni. Nani alipima uangavu wa maji gizani?

Nilimjua aliyepima. Nilikuwa mimi.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa Machi, kabla ya masika, setilaiti mbili za Sentinel-2, za kupiga picha za dunia, zikiwa tayari angani: ya kwanza ilirushwa 2015, ya pili 2017, na zote mbili kwa pamoja zilikuwa zikipita juu ya mahali pamoja kila baada ya siku tano. Kwa Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria ulio Kisumu, zilipita yapata saa tano asubuhi. Kazi yetu ilikuwa kujua kama picha zake zinaweza kutuambia mwani umejaa wapi na kwa kiasi gani, ili tusilazimike kuzunguka ghuba nzima kwa boti kila wiki. Mwani wenyewe si wa mchezo. Humo ghubani mna Microcystis, sianobakteria (bakteria inayoishi kwa mwanga kama mmea) inayoweza kutengeneza sumu ya ini iitwayo mikrosistini. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa ya kila siku yasizidi mikrogramu 1 ya sumu hiyo kwa lita, na kuyachemsha hakuiondoi. Na Kisumu inakunywa maji ya ghuba hii.

Tulitoka Dunga, ufukwe wa Kisumu, na boti mbili. Ya kwanza ilielekea upande wa Kisat na Ndere ikiwa na Daktari, mtaalamu wetu wa mwani. Ya pili ilielekea Nyando. Humo nilikuwamo mimi, mwanafunzi mmoja wa kujifunza kazi, na mzee mwenye boti, aliyevua mbuta miaka mingi kabla ya kuanza kubeba watafiti. Mikono yangu na ya mwanafunzi ilikuwa imelowa muda wote, kwa hiyo Mzee ndiye aliyeshika daftari na penseli. (Penseli, si kalamu. Wino ukimwagikiwa maji huna daftari tena.)

Kila kituo kilikuwa na mtindo mmoja. Unazima injini na kungoja dakika mbili, kwa maana upande wa Nyando maji ni haba na panga la injini hutifua tope la chini. Tope likipanda, sahani itapotea mapema na utaandika mwani usiokuwapo. Unavua miwani ya jua. Unashusha sahani upande wa boti wenye kivuli, unasoma kina inapopotea, unaivuta polepole, unasoma inapoonekana tena, unachukua wastani. Kisha unazamisha bomba la plastiki la nusu mita, unaliziba juu kwa kiganja, na kumimina maji yake kwenye chupa nyeusi ya lita moja. Usiteke kwa kikombe juu tu. Microcystis ikitulia hufanya utando, na utando ukiuteka peke yake umepima malai, hujapima maziwa. Chupa inaingia kwenye sanduku la barafu, kifuniko kinafungwa, kwa sababu mwanga na joto huivunja klorofili, ile rangi ya kijani tunayopimia wingi wa mwani.

Chupa ndogo ya pili ni ya hadubini. Humo unatia iodini ya Lugol mpaka maji yawe na rangi ya strungi hafifu. Hapo wengi hukwama: wanaiacha chupa usiku kucha ili chembe zizame chini zihesabiwe, na asubuhi wanakuta Microcystis imeelea juu vilevile. Ndani ya kila chembe mna vifuko vidogo vya hewa. Mjerumani Klebahn alionyesha jambo hilo mwaka 1895 kwa chupa iliyojaa pomoni, kizibo na nyundo: ukigonga kizibo, shinikizo linavipasua vifuko na chembe zinazama. Sisi hatukuwa na haja ya nyundo. Sirinji nyembamba na imara iliyozibwa mdomo, ukaisukuma kwa nguvu ya gumba, inatosha.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limelala. Kufikia saa tatu tulikuwa tunakata utando wa kijani mzito, ukiteleza ubavuni mwa boti kama mrenda. Karibu na kituo cha 9 nilimsikia Mzee akisema kwa sauti, kama alivyofanya kila kituo, "Saa tano kasoro kumi," kisha akaandika. Nilisikia, nikaelewa, nikaendelea na kamba yangu. Robo saa baadaye setilaiti ilipita juu yetu. Sikuweza kutamani mpangilio mzuri zaidi ya huo.

Baada ya kituo cha 12 panga la injini lilisakamwa na magugu maji. Ikatuchukua zaidi ya saa nzima kulichomoa, kukata mizizi kwa kisu na kula chapati zetu. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza. Vituo vitano vya mwisho tulivipima mawimbi yakipiga, kuanzia saa nane na dakika kumi, na ule mrenda haukuonekana tena.

Maabarani kila kitu kilikwenda kwa utaratibu: kichujio cha nyuzi za kioo cha milimita 47 na pampu yenye mvuto mdogo, maana mvuto mkali hupasua chembe. Maji ya mwani mzito huziba kichujio baada ya mililita 50 hadi 100, na usipoandika ni mililita ngapi zilizopita, kichujio hicho ni takataka. Kinakunjwa ndani ya foili, kinagandishwa, kisha kinalowekwa kwenye mililita 10 za asetoni ya asilimia 90 gizani, ndani ya friji, usiku mzima. Unakizungusha kwenye sentrifuji, unasoma spektrofotomita, mashine inayopima mwanga uliomezwa, kwenye nanomita 664, 647 na 630, na 750 kwa ajili ya kuondoa ukungu. Klorofili a ni 11.85 ukizidisha kwa namba ya 664, toa 1.54 ukizidisha kwa ya 647, toa 0.08 ukizidisha kwa ya 630. Kisha unazidisha kwa asetoni na kugawa kwa maji uliyochuja.

Upande wangu ulikuwa picha. Klorofili hunywa mwanga mwekundu karibu na nanomita 665, na maji yenye mwani hurudisha mwanga zaidi kwenye 705. Sentinel-2 ina mikanda yote miwili (mkanda ni kipande cha mwanga inachokipima peke yake), kwa hiyo unatoa wa 665 kutoka wa 705 na kugawa kwa jumla yao. Namba ikipanda, mwani umezidi. (Mkanda wa 620, ambao ungetambua rangi ya sianobakteria yenyewe, haumo. Sentinel-3 inao, lakini pikseli yake ni mita 300, na ghuba yetu imejaa pembe na vidole vya nchi kavu.) Kwa kila kituo nilichukua pikseli tisa za mita 20, wastani wake, na kukilinganisha na maabara kama tu kimepimwa ndani ya saa tatu kabla au baada ya setilaiti kupita. Sheria hiyo ya saa tatu niliiandika mwenyewe, mstari mmoja wa programu.

Matokeo ya boti ya kwanza yalijipanga vizuri. Ya boti yetu yalikuwa aibu. Vituo 12 kati ya 17 vilitupwa, na vitano vilivyobaki vyote vilisema kitu kimoja: setilaiti inaona mwani mwingi, maabara inaona kidogo.

Hapo nilipoteza wiki mbili. Kwanza nililaumu anga. Upande wa Nyando ni nchi ya miwa, na mashamba huchomwa kabla ya kukatwa. Nikasema moshi umeharibu usahihishaji wa hewa, yaani hesabu ya kuondoa athari ya anga kwenye picha. Nikabadilisha usahihishaji mara tatu. Kisha nikalaumu maabara, na hapa Daktari hakunifurahia. Nilimwuliza kama walitumia vikombe vya plastiki kwenye spektrofotomita, kwa sababu asetoni huila ile plastiki angavu ya polistireni ikawa na ukungu. Akaninyanyulia kikombe cha kioo mbele ya macho bila kusema neno. Nililistahili hilo.

Sababu ya kuchelewa kuona ni kwamba sikuwa nimeangalia vile vituo 12. Vilikuwa vimetupwa, nani huchakura takataka? Nilikuwa nikivikagua vile vitano vilivyokubaliwa, nikivichunguza pikseli kwa pikseli. Siku niliyofungua faili la waliokataliwa ili nihesabu tu, macho yakaangukia mstari wa 9, na ile sahani nyeupe inayoonekana alfajiri.

Nikafungua daftari lenyewe. 1:10. 1:35. 2:00. Mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma zamani, kila saa kama inavyosemwa. Aliyechapa jedwali ofisini alikopi kama alivyokuta, kama alivyotakiwa. Daktari, kwenye boti yake, alikuwa ameandika 10:50 kwa 10:50. Wote wawili walikuwa sahihi. Programu ilichukua saa ya Mzee, ikatoa tatu ili kupata saa ya Greenwich, ikapata 1:50 usiku, ikalinganisha na setilaiti ya 8:05 na kukuta tofauti ya saa sita na robo. Ikatupa. Tofauti ya kweli ilikuwa dakika kumi na tano.

Kosa la saa sita tu lingekuwa dogo, kwa sababu data iliyopotea hairudishi majibu ya uongo. Ubaya wake ni kwamba lilitupa na pia likaokota. Kituo cha 13, kilichopimwa saa nane na dakika kumi mchana, kiliandikwa 8:10; programu ikaisoma kuwa 8:10 asubuhi, dakika 175 tu kabla ya setilaiti. Ikakikubali. Vivyo hivyo cha 14 hadi cha 17. Yaani vituo vya asubuhi, ziwa likiwa limetulia na mwani umeelea juu pale pale setilaiti ilipotazama, vilikwenda jalalani, na vikabaki vya mchana, baada ya upepo kuukoroga mwani mpaka chini. Setilaiti haikukosea na maabara haikukosea. Ziwa lilikuwa limebadilika kati yao.

Niliongeza saa sita kwenye safu nzima nikaendesha upya. Sasa vituo tisa viliingia, cha 4 hadi cha 12, na hakuna hata kimoja kilichokuwa miongoni mwa wale watano wa mwanzo. Vinane vikakaa kwenye mstari mmoja na vya boti ya Daktari. Cha 12 kikaruka juu peke yake, mbali kabisa.

Hicho nilimpelekea Mzee Dunga, picha ikiwa kwenye simu. Aliishika mbali na macho, kama wazee wafanyavyo.

"Hapa ndipo tulipokwama?"

"Karibu na hapa, Mzee. Lakini kituo tulipima kabla ya kukwama, na maji yalikuwa wazi."

"Saa sita na dakika tano yalikuwa wazi, kijana wangu. Hiyo mashine yako ilitazama saa tano. Magugu yalikuwa yamekaa hapo, upepo ukayasukuma, yakatupisha, halafu yakatungoja mbele."

Nilirudi kwenye mkanda wa nanomita 1610. Maji humeza karibu mwanga wote hapo, na utando wa mwani uliolowa nao hurudisha kidogo, lakini jani la gugu maji, lililosimama nje ya maji, hurudisha mwingi. Pikseli zote tisa za kituo cha 12 ziling'aa. Nikaweka kizingiti kwenye mkanda huo, na kuanzia hapo magugu maji yalikatwa kabla ya hesabu ya mwani kuanza.

Kwenye mkutano wa kikundi mtu alipendekeza wapima wote wafundishwe kuandika saa ishirini na nne. Nilikataa. Mzee angeandika 10:50 akiwa ametulia na 4:50 akiwa amechoka, na hakuna kosa baya kama la mchanganyiko. Tulichapisha daftari jipya lenye safu iliyoandikwa "Saa ya Kiswahili", programu ikaongeza sita yenyewe. Nikaweka pia mtego: inakokotoa jua liko juu kiasi gani kwa saa na mahali palipoandikwa, na mstari wowote wenye kipimo cha sahani huku jua likiwa chini ya upeo unawekwa rangi nyekundu.

Mtego ulinasa siku ya kwanza kabisa. Mstari wa juu wa daftari, alipokuwa akijaribu sahani gatini kabla hatujatoka, Mzee alikuwa ameandika 12:50. Programu ikaongeza sita na kusema tumeondoka Dunga saa 18:50, jua limezama, baada ya kuwa tumesharudi. Nilipompigia simu alicheka, akasema ataweka herufi mbele: A kwa asubuhi, J kwa jioni.