Mshale wa Kubahatisha Haupo: Safari ya Ziwa Eyasi

Kutoka Karatu kwenda Mang'ola ni barabara ya vumbi inayoteremka hadi bondeni. Tulijua tumekaribia harufu ya vitunguu ilipoingia garini. Mang'ola inaishi kwa vitunguu, vinavyomwagiliwa maji ya chemchemi, kwa sababu Ziwa Eyasi lenyewe ni la magadi.

Jioni ile ile mwongozaji wangu, kijana wa Kiiraqw, alinipeleka kwa wahunzi wa Kidatoga. Mmoja akipuliza mvukuto wa ngozi, mwenzake akigonga msumari uliowiva mpaka unakuwa kigumba. Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa eneo hili, hawana wahunzi kama hawa. Vichwa vingi vya mishale huvipata hapa, zamani kwa asali na nyama, siku hizi hata kwa fedha.

Alfajiri tukaenda kambini kwa Wahadzabe. Wageni wengi hupenda kufukuzana na wawindaji porini, wapige picha, warudi hotelini kupata chai. Sioni ubaya, ila kwa mtazamo wangu kinachostahili safari hii kipo pale motoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kaa."

Alikuwa na fito mbichi, ndefu karibu mita moja. Alimenya ganda kwa kisu, akaipitisha fito moja juu ya makaa huku akiizungusha mpaka ikalainika. Kisha akaibana kwa meno pale ilipopinda, akaisukuma kwa mikono yote miwili taratibu, akaishikilia hivyo mpaka ikapoa. Akafumba jicho moja, akaitazama kwa urefu. Kwangu ilikuwa imenyooka.

"Bado," akasema, akaizungusha viganjani. Ncha ikayumba. Ikarudi motoni.

Unyoofu peke yake hautoshi. Ugwe, yaani kamba ya upinde, ukiachiwa husukuma mshale kuelekea katikati ya upinde, na mti wa upinde umesimama pale pale. Kwa hiyo mshale lazima ujikunje kidogo, uupite mti, kisha ujinyooshe ukiwa angani. Ukiwa mgumu kuliko upinde unavyotaka, kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia utakwenda kushoto. Ukiwa mlaini mno, utakwenda kulia. Na pinde za Wahadzabe si za mchezo: nyingi huhitaji nguvu ya kilo 30 hivi kuzivuta.

Nyuma ya mshale alifunga manyoya ya kanga kwa uzi wa kano alioulowesha mdomoni. Manyoya hushika upepo, mkia ukabaki nyuma. Mishale ya ndege haina chuma, ni mti uliochongwa tu. Ile ya wanyama wakubwa ina kigumba kilichopakwa sumu na kuviringishiwa ngozi, isikauke wala isimchome mtu. Hiyo niliangalia kwa mbali.

Upinde wenyewe aliuacha mwisho. Ugwe wake ni wa kano zilizosokotwa, nao hulegea kukiwa na umande. Aliufungua upande mmoja, akausokota zaidi ukafupika, akaufunga tena, akaupiga kwa kidole na kusikiliza.

Wakati huo vijana walikuwa chini ya mti wakicheza lukuchuko, mchezo wa kurusha vipande vya ganda la mti dhidi ya shina na kuangalia vinavyoanguka. Dau ni mishale. Ndiyo maana mshale wa Mhadzabe unaweza kuwa na wenyewe wengi, na kila mwenye mpya ana upinde wake.

Kijana mmoja akaja na mshale aliotoka kuushinda. Akaulenga kisiki, ukakita kushoto. Babu akauomba, akaupinda kidogo gotini kuupima, akaukwangua katikati kwa kisu, maganda membamba yakimdondokea miguuni. Kijana akajaribu tena. Bado kushoto, ila karibu. Ukakwanguliwa tena, na safari hii ukaingia kisikini pale pale alipolenga. Akauchomoa, akaufuta vumbi, akarudi nao moja kwa moja kwenye mchezo.