Kivumbasi kwenye chumba cha kioo

Mara ya kwanza nilipompeleka Ba, bibi wa Kihindi ninayemtunza, kwenye ibada ya alfajiri ilikuwa Januari. Kioo cha gari kilikuwa kimeganda barafu, nikakikwangua kwa kadi ya basi huku vidole vikiniwasha. Ibada inaanza saa 10:30, na Ba hataki kuchelewa hata dakika moja.

"Shikamoo Ba."

"Marahaba mwanangu. Umevaa soksi mbili? Kule tunavua viatu."

Mimi ni mtu wa Tanga. Hapa Watford ninalea wazee majumbani mwao, kazi ambayo wengi wetu tulioko Uingereza tunaijua. Ba, ndivyo Wagujarati, Wahindi wa asili ya Gujarat, wanavyomwita mama au bibi, alizaliwa Mombasa akaolewa Jinja. Agosti 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, alikuja huku na mume wake, watoto wawili na sanduku moja. Karibu watu 28,000 waliingia Uingereza kwa namna hiyo. Siku niliyofika kwake mara ya kwanza nilijitambulisha kwa Kiingereza, akanisikiliza kidogo, akasema, "Wewe wa pwani wewe." Tangu hapo hatujaongea Kiingereza.

Tunakokwenda panaitwa Bhaktivedanta Manor, nje kidogo ya Watford, kwenye kijiji cha Letchmore Heath. Ni jumba la karne ya 19, kuta nyeupe na mbao nyeusi, ambalo liliwahi kuwa chuo cha wauguzi. Mwaka 1973 George Harrison, yule mwanamuziki wa bendi ya Beatles, alilinunua akawapa wafuasi wa Krishna, mungu wa Kihindu. Ba anasema yeye na mumewe walikuwa bado wanajifunza kuwasha hita waliposikia kuna mahali wanaabudiwa Krishna na mpenzi wake Radha katikati ya mashamba ya Waingereza. Walikwenda kwa basi, kisha kwa miguu.

Mimi ni Muislamu, kwa hiyo nasimama nyuma karibu na mlango. Mbiu ya kombe la baharini inapulizwa, pazia linafunguliwa, ngoma na matoazi yanaanza taratibu. Watawa wamenyoa vichwa, wamebakiza kishungi kidogo nyuma, na nguo zao ni za rangi ya machungwa yaliyoiva. Ibada ikiisha kila mmoja anatia mkono kwenye mfuko wa kitambaa wenye shanga 108, anatembea huku na huku akinong'ona jina la Mungu wake. Mizunguko 16 kila siku, karibu saa mbili nzima. Nilimkumbuka baba na tasbihi yake, barazani, kabla nyumba haijaamka. Sikutarajia kumkumbuka mahali kama pale, na sijui nilielezeje zaidi ya kusema kwamba nililia kidogo na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Kukipambazuka ndipo kazi inapoanza. Mmoja anakwenda jikoni, mwingine zizini, mwingine anawapokea watoto wa shule wanaoletwa na walimu wao kujifunza dini ya Kihindu. Wageni ni wa kila aina: maharusi, wazee wa Kizungu waliowapenda Beatles ujanani wanaokuja kuitazama bustani ya kumbukumbu ya Harrison, familia zilizotoka Nairobi, Kampala na Dar. Ukikaa kwenye benchi karibu na ziwa Jumapili mchana, haichukui muda utasikia mtu akimwambia mjukuu wake "haraka haraka" au "pole pole".

Lakini pahali pangu mimi ni chumba cha kioo cha tulsi.

Tulsi ni mmea wao mtakatifu. Majani yake yanawekwa juu ya kila sahani inayotolewa mbele ya Krishna, na mti ukifa wenyewe, kijiti chake kinachongwa shanga za kuvaa shingoni. Asubuhi wanauzunguka wakiimba na kuumwagia maji matone machache. Baridi ya huku ingeuua kwa usiku mmoja, ndiyo maana umejengewa chumba chenye joto. Ukifungua mlango miwani inafunga ukungu papo hapo, halafu inakuja harufu. Siku ile nilisimama kama niliyeitwa jina. Kivumbasi! Siyo chenyewe hasa, ni jamaa yake wa karibu, shina limepiga zambarau na jani ni dogo lenye meno pembeni, lakini pua yangu haikutaka kubishana. Ni nyumbani kwetu jioni, mama anachoma majani kufukuza mbu.

Mama mmoja anayeihudumia miche ile alikuwa akifuta majani kwa kitambaa chenye maji, moja moja, juu na chini, kuondoa wadudu. Nilimuuliza kwa nini hapulizi dawa. Akasema majani haya yanakwenda kwenye chakula cha Bwana, na mmea wenyewe anauona kama mtu. Kabla ya kuchuma anauomba ruhusa, na usiku hauguswi kabisa. Nilimhesabia muda: mche mmoja, dakika kumi na mbili. Ilikuwepo miche mingi sana.

Zizini ni vilevile. Ng'ombe wanakamuliwa kwa mkono, madume wanalima na kuvuta mkokoteni wa wageni, na aliyekauka maziwa anaendelea kulishwa mpaka afe mwenyewe. Kwetu ng'ombe ni mali na siku ya Idi ni kitoweo, na sioni haya kusema hivyo. Ila nilipomwona Ba ameweka kiganja kwenye paji la dume mmoja mzee, akimwambia "pole baba, miguu hata mimi inauma," nilikaa kimya.

Jambo lililonipa shida ni chakula. Kila anayefika anapewa bure: wali, dengu, mboga zisizo na kitunguu wala kitunguu saumu. Lakini ni chakula kilichotolewa kwanza mbele ya sanamu, na imani yangu hairuhusu. Niliogopa kukataa sahani ya mtu mbele za watu. Nikamweleza kijana mtawa ukweli wangu. Aliunganisha viganja, akaenda, akarudi na epo zima, halijapelekwa popote. Tukirudi nyumbani Ba ananikaangia mogo, ndivyo muhogo unavyoandikwa madukani huku, jina walilolibeba Waasia wetu kutoka Afrika Mashariki. Wangu anaukaanga kwenye kikaango cha peke yake.

Usidhani mahali pale palikuja kirahisi. Sikukuu ya Janmashtami, kuzaliwa kwa Krishna, huleta makumi ya maelfu ya watu, na kijiji kile kina njia nyembamba. Majirani walilalamikia magari, halmashauri ikataka ibada za umma zikomeshwe. Kesi ikaenda miaka. Mwaka 1994 maelfu waliandamana London, Ba akiwemo. "Nilishafukuzwa mara moja," aliniambia. "Mara ya pili nilisema hapana." Ruhusa ilitoka 1996, ikajengwa barabara mpya isiyopita kijijini. Kila tukikata kona kuiingia, anagonga dashibodi kwa kidole mara mbili. Nami sasa nagonga.

Wiki iliyopita nilimpigia mama simu ya video kutoka kwenye kile chumba cha kioo.

"Mbona kivumbasi mmekifungia ndani kama mgonjwa?"

Nikamwelekezea Ba simu aeleze mwenyewe. Alianza na baridi, akaja kwenye tulsi, kisha mama akamuuliza Mombasa alikaa mtaa gani. Basi. Waliongea mpaka chaji ikakaribia kuisha, nazi, maembe, bahari, nani alikuwa na duka wapi, na yule mama wa miche akasogeza kiti ili Ba akae vizuri.