Sentimita tano za usukani zilivyomwaga viazi vya watu

Mimi ni mrefu, ule urefu wa kugonga kichwa kila nikipanda daladala. Pikipiki yangu ya cc 150 ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Kila wiki natoka Uyole, Mbeya, nashika barabara ya Tukuyu hadi Isyonje, halafu nakunja kushoto kupanda Kitulo kufuata viazi. Penye mawe lazima usimame kwenye vikanyagio, na nikisimama nilikuwa nainama kama mtu aliyedondosha hela. Nikirudi jioni mgongo umekufa, vidole vina ganzi.

Kijiweni kila mtu ni daktari. Mmoja akaniambia, "Mzee, huo ni umri." Mwingine akasema niongeze sponji kwenye siti. Nikaongeza, tena nene, nikashonesha na kava jipya. Nimefika Igawilo ndipo akili ikanirudia: sponji imeninyanyua mimi, usukani umebaki kule kule chini! Nimelipa hela ili niiname zaidi. Wa tatu alitaka tupange washa, vile vipete bapa vya bolti, chini ya usukani na bolti zibaki zile zile. Huyo nilimkimbia, maana bolti ikishikilia kwa nyuzi mbili tatu, siku ya korongo unabaki na usukani mkononi kama trei ya chai.

Nikaenda kwa fundi wa kukereza vyuma. Nikamweleza nataka vipande vya aluminiamu vikae kati ya usukani na kile chuma cha juu kinachoshika shokapu. Akacheka: "Yaani usukani unataka kuukalisha kwenye vigoda." Jina likabaki hilo. Akaniuliza virefu kiasi gani. Yeye alipendekeza sentimita tatu. Mimi nikasema tano. Tamaa.

Kuvifunga ni kazi ya nusu saa, sina la kueleza. Nikatoka pale nimekaa wima kama askari wa gwaride, napungia watu. Nikaingia Mwanjelwa, nikataka kugeuza, nikakunja kushoto hadi mwisho. Injini ikanguruma! Mkono wangu umerudisha mafuta yote, lakini mlio unapanda wenyewe. Kumbe waya wa mafuta ulishakuwa mfupi kwa kile kimo kipya, na ukikunja usukani unavutwa, ni sawa na kuongeza mafuta bila kugusa. Na mimi kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidi kukunja. Nikabana klachi, nayo waya wake umekaza kama uzi wa gitaa. Tulisimama, mimi na pikipiki, katikati ya sado za viazi za mama mmoja. Sado nne zimelala. Mama akaviangalia vinavyobingirika kuelekea barabarani, akaniangalia, akasema taratibu kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Leo umenipangia vizuri." Watu walicheka mpaka nikacheka na mimi. Nilinunua vyote, hata vilivyokanyagwa.

Nikarudi kwa fundi kichwa chini. Hakusema "nilikwambia", na hilo lilinichoma zaidi. Tukakata vigoda hadi sentimita tatu, kisha akanionyesha kitu ambacho sitakisahau. Nyaya zangu zilikuwa zinazunguka mbele ya taa kubwa, mzunguko mrefu wa bure. Akafungua vishikizo, akazipitisha nyuma ya taa, njia ya mkato. Hapo hapo tukapata ulegevu wa vidole viwili bila kununua chochote! Wa klachi tu ndio uligoma, tukaweka mrefu kidogo kutoka kwenye pikipiki ya aina nyingine, akapunguza mwisho wake.

Halafu akainua injini juu ya kreti ya soda, tairi la mbele likawa linaning'inia. Nikamuuliza ya nini. Akasema ukiruka tuta shokapu zinashuka, na hapo ndipo waya wa breki ya mbele unavutika kuliko wakati wowote. Tukawasha, gia ikiwa huru, tukakunja kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho. Mlio haukubadilika hata chembe. Ukifanya kazi hii usikubali kuondoka kabla ya kusikia hivyo kwa masikio yako. Na bolti ziwe ndefu zaidi kwa kimo kile kile cha vigoda, ziwe na namba 8.8 kichwani, alama ya chuma kigumu. Zile laini za dukani zisizo na namba acha zifunge kabati.

Gharama? Elfu arobaini na kitu, pamoja na soda. Viazi sihesabu, tulivila wiki nzima.

Vioo vimebadilika pia, siku ya kwanza nilikuwa naona viwiko vyangu tu. Virekebishe kabla hujaingia barabara kuu ya malori ya Tunduma.

Sasa napanda Kitulo nimesimama wima, mikono haina ganzi. Tatizo jipya ni kwamba zamani nikiinama upepo ulinipita juu. Siku hizi kifua kinaupokea wote, na Juni ya huku mnaijua. Nimeanza kuvaa masweta mawili. Kijiweni wanasema nipunguze urefu wa usukani.